Kicheko cha Mpangaji wa Chumba cha Tisa

Kufikia Jumapili ile, Sikudhani Shemhilu alikuwa ameshamwondoa askari mpelelezi, ameshaliondoa zimwi lenye pembe, na sasa alikuwa anashughulika na damu.

"Toa yote," alisema Hidaya, amejilaza mkekani na sahani ya mihogo ya kukaanga tumboni. "Kitabu kizima hakina tone la damu. Hawa wa televisheni waliitoa wapi?"

"Nikiitoa yote picha zinaruka. Tazama." Sikudhani alipunga mkono hewani, na katika picha iliyomulikwa ukutani mwanamke mwenye baibui jeusi akaruka kutoka mlangoni hadi dirishani kama panzi. Wote wawili wakaangua kicheko.

Ilikuwa alasiri, Tanga, mtaa wa Makorora, madirisha wazi na jirani anafua uani. Siku za kazi Sikudhani alitengeneza meno bandia hospitalini. Hidaya Mbwego, rafiki yake tangu darasa la kwanza, aliandika programu za mitambo ya kusafisha maji. Lakini mwisho wa juma wote wawili walikuwa kitu kimoja tu: mashabiki wa Mpangaji wa Chumba cha Tisa, tena mashabiki wenye kinyongo.

Mpangaji kilikuwa kitabu chembamba cha kutisha walichokisoma wakiwa wasichana, wakinyang'anyana chini ya dawati mpaka jalada likabanduka. Ndani yake mlikuwa na nyumba ya kupanga, na humo aliishi Bi Chausiku, mpangaji aliyekufa bila kujua kwamba amekufa. Kila magharibi hutoka chumbani kwake akaenda kuwagongea majirani kuazima chumvi. Majirani wanajifungia, wanahama, wanaleta waganga, na yeye anazidi kushangaa amewakosea nini. Ukikisoma unaogopa mpaka nywele zinasimama, unageuza ukurasa unacheka, na mwishoni, mlango mmoja unapomfungukia, unalia.

Kisha kituo cha televisheni kikakigeuza kuwa tamthilia. Kikaongeza zimwi, kikaongeza askari, kikaongeza kisima cha damu, na kipindi cha mwisho Bi Chausiku akachomwa moto huku wapangaji wakishangilia.

"Kuchomwa!" Sikudhani alikuwa bado akisema, miaka kumi baadaye, kama ndiyo kwanza ameona. "Mtu kaomba chumvi tu!"

Ndiyo maana walikuwa wanaikata upya. Kutoka kwenye msimu mzima wa tamthilia walitaka kutoa filamu moja fupi itakayofanana na kitabu. Picha hazikuwa tabu sana, sauti vilevile. Tabu ilikuwa hofu.

"Kaa kitako," Sikudhani alimwambia mwenzake. "Nataka usikie kitu."

Alimpa mkufu, akavaa na wake. Ni mikufu hii hii ambayo kila nyumba inayo siku hizi, myembamba kama wa dhahabu. Unaivaa shingoni ukitazama, nayo inakupelekea mwilini yale aliyoyasikia mwigizaji siku ya kurekodi, kwa sababu mwigizaji naye alikuwa amevaa wake: moyo kwenda mbio, baridi ya mgongo, mate kukauka. Sikudhani aliileta ile picha ya kipindi cha pili, Bi Chausiku amesimama mbele ya kioo na kioo hakimwonyeshi. Hidaya akasisimka mikono yote.

"Naam. Hofu. Naijua hii."

"Sasa sikiliza mdomoni. Chini, kushoto."

Hidaya akapeleka ulimi kwenye gego. "Yallah! Linauma!"

"Limetoboka mpaka kwenye kiini. Kila Bi Chausiku anapoogopa, jino linauma. Akiacha kuogopa, jino linapoa."

"Labda mwigizaji alikuwa mgonjwa."

"Nimemwangalia mdomoni picha baada ya picha. Ana magego mazuri kuliko yangu na yako. Ngoja, onja na hii." Akaweka tamthilia nyingine kabisa, rubani wa ndege, mwanamume mwenye ndevu, injini imezimika angani. Moyo ukadunda, mgongo ukapoa, na chini kushoto, gego lile lile likapwita.

Hidaya aliweka sahani chini. "Hofu ya akiba," alisema polepole. "Niliwahi kusikia. Wanamchukua mtu mmoja, wanamfungia gizani au wanamtumbukiza kwenye maji ya barafu, wanarekodi anavyoogopa, halafu wanaifunika juu ya mwigizaji yeyote wasiyemridhia." Akaanza kucheka. "Kwa hiyo pwani nzima tunaogopa kwa jino la mtu mmoja?"

"Na huyu mwigizaji wetu je? Yeye mwenyewe alisikia nini?"

"Iko pale pale, chini ya hicho kifuniko. Sheria haiwaruhusu kuifuta, wakaguzi wakija wanaitaka. Ila huwezi kuifikia mpaka uimenye." Hidaya alifuta mafuta vidoleni, na Sikudhani akaijua ile sura. Ilikuwa sura ya Hidaya aliyepata mtambo wa kuuchokoa. "Niachie mimi."

*

Programu aliyoiandika Hidaya aliipa jina la Kimenyeo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kama ya kumenya kitunguu: inatoa ganda la juu bila kulichana la chini. Waliijaribu kwanza kwenye picha ile ya kioo. Sikudhani alivaa mkufu akisubiri hofu nyingine, labda ndogo kidogo.

Kilichokuja hakikuwa hofu. Mbavu zilimbana. Mashavu yalijaa, machozi yakamlenga, pumzi ikakwama kifuani kama mtoto anayejizuia asicheke msikitini. Ukutani, Bi Chausiku alikuwa ametoa macho makavu ya kutisha mbele ya kioo kitupu. Ndani ya ngozi yake mwigizaji alikuwa anakufa kwa kicheko.

Hidaya ndiye aliyepasuka wa kwanza. Kisha wote wawili, wakiwa wameshikana mabega, mpaka jirani aliyekuwa anafua akaacha ndoo akaja kuchungulia dirishani kuuliza kuna nini.

Lakini walipotulia wakairudia, Sikudhani aligundua jambo. Hofu haikuwa imekwisha. Ilikuwepo, nyembamba, chini ya kicheko, na haikuwa hofu ya kufa. Ilikuwa ile ya mtu aliyeingia chumbani wenzake wakanyamaza ghafla. Ukitazama macho yale makavu huku mwilini unasikia mtu anayetaka kucheka na wenzake na hana wa kucheka naye, ulikuwa unaogopa kuliko mwanzo.

"Huyu ndiye," alisema. "Huyu ndiye wa kitabuni. Walikuwa naye, wakamfunika."

Kuanzia hapo kazi ikageuka sherehe. Walimenya kipindi baada ya kipindi. Wakajua siku ambayo mwigizaji, Riziki Shekalaghe kwa jina lake, alikuwa na njaa. Siku viatu vilipombana. Siku waganga walipoanza kuruka na manyanga na yeye akajiuma ulimi ili asiharibu. Kila mwisho wa juma filamu ilizidi kupata mwili. Mashabiki wenzao, waliotawanyika kutoka Pangani mpaka Pemba na wengine mbali zaidi, waliposikia kwamba Mpangaji wa kweli anakuja, walianza kuhesabu juma kwa juma.

Ikabaki picha ya moto.

Sikudhani aliimenya peke yake Jumamosi moja asubuhi, Hidaya hajafika. Wapangaji wameshika mienge, Bi Chausiku yuko katikati amezungukwa na moshi. Alitegemea kicheko, au hasira.

Joto lilianzia nyayoni. Likapanda taratibu, kifua kikafunguka kama dirisha lililokwama miaka mingi. Kila macho ya mwigizaji yalipogeukia kulia kwa kamera, moyo uliruka. Sio mbio za woga, hapana. Uliruka kama unaitwa jina. Sikudhani alisimamisha picha na kuvuta jicho la Bi Chausiku mpaka likajaa ukuta. Ndani ya mboni, mdogo kama punje ya mtama, alikuwemo mwanamume mwenye kofia ameshika taa ya kumulikia.

Alipovua mkufu bado joto lilikuwa naye. Alikwenda sokoni akanunua nyanya nyingi asizozihitaji. Alimsalimia kwa furaha mwanamke waliyenuniana tangu mwaka juzi.

"Umepata mchumba," Hidaya alisema mara tu alipomwona.

"Vaa," Sikudhani alimjibu.

Hidaya alivaa. Alipovua, alijipepea kwa upande wa khanga. "Shoga! Huu ndio mwisho wetu. Tunaondoa moto, tunaondoa mienge, tunabakiza uso wake na hisia hii. Mlango unafunguliwa, Bi Chausiku anakaribishwa. Hakuna atakayetoka ukumbini bila kulia."

"Hatuwezi kuiweka."

"Kwa nini tusiiweke?"

"Kwa sababu alikuwa anaificha. Na kama alikuwa na mume wakati ule? Na kama yule wa taa ana mke na watoto? Mashabiki wakiona jicho lile, kabla jua halijazama watakuwa wamempata kwa jina na mtaa anaokaa."

"Kicheko chake tumekitumia toka mwanzo mpaka mwisho na hatukumwuliza," alisema Hidaya. "Hukuona tabu."

Neno lile lilimwingia Sikudhani vibaya, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alikuwa amekaa ndani ya mwili wa mama wa watu miezi na miezi, akijua njaa yake na viatu vyake, na hajapata hata kumpa shikamoo.

"Basi namwendea," alisema. "Namwambia yote. Hisia ya moto na kicheko vilevile."

"Akikataa?"

"Akikataa tunafuta."

"Mwisho tu?"

"Yote."

Hidaya aliutazama ukuta, pale Bi Chausiku aliposimama amekodoa, mzuri na wa kutisha, kazi ya mikono yao. "Nenda mwenyewe," alisema hatimaye. "Mimi nitalia njiani, nikutie aibu."

*

Riziki Shekalaghe alikuwa ameacha kuigiza mara tu baada ya Mpangaji, akarudi kwao Lushoto. Sikudhani alipanda kibanda cha waya kutoka Mombo, kile kinachoning'inia juu ya bonde na kupanda mpaka mawinguni, amekumbatia mkoba wenye mikufu kama amebeba mayai. Watu wa stendi ya juu walimwelekeza: panda njia ya Magamba, ukiona kitalu cha miche ya mapeasi, ni pale.

Alimkuta anamwagilia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, amevaa sweta na buti za mpira, na Sikudhani alishangaa kuona jinsi mwili wake mwenyewe ulivyomtambua kabla ya macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa miche?"

"Hapana, mama. Nimekuja kwa ajili ya Bi Chausiku."

Mkono wenye kopo la maji ulisita. "Yule si alichomwa?"

"Walikosea kumchoma."

Bi Riziki alimwangalia vizuri, kisha akaweka kopo chini. "Sijawahi kuitazama ile tamthilia hata siku moja. Unajua mwongozaji aliniambia nini? Mbele ya watu wote, na vipodozi vyangu usoni. Alisema, wewe hujui kuogopa, itabidi tutafute mtu wa kuogopa badala yako."

"Alimpata," Sikudhani alisema. "Ana jino bovu."

Akamweleza habari ya gego, na ya rubani mwenye ndevu, na jinsi pwani nzima ilivyokuwa ikiogopa kwa upande mmoja wa mdomo. Bi Riziki alianza kutabasamu, kisha akacheka, mabega yanatikisika, mkono kwenye mbavu. Ilikuwa ajabu kumwona mtu akicheka kicheko ambacho wewe ulishakicheka kwa mbavu zako. Sikudhani akajikuta anaungama yote palepale, katikati ya miche.

"Mama, mimi nimekisikia hicho kicheko. Tulikimenya kutoka chini, mimi na rafiki yangu, tukakitumia kwenye filamu yetu, na hatukukuuliza. Nimekuja kukuuliza sasa. Ukisema hapana, hakuna atakayeiona."

Bi Riziki alijifuta mikono, akamwingiza ndani, akakaa kwenye kiti cha kamba na kunyoosha shingo avalishwe mkufu. Sikudhani alimwonyesha picha ya kioo. Ilikwisha, akaomba irudiwe. Mara ya pili hakucheka kabisa.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe mwenyewe. Hakuna kilichoongezwa."

"Mbona anatisha hivi?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka yote nilijua niliharibu."

Kisha akamgeukia Sikudhani, macho makali kidogo. "Siku nyingine anza na kuuliza, ndipo umenye. Mtu akiingia nyumbani kwangu nikiwa sipo, hata kama amefagia, ameingia."

"Nimekosa, mama."

"Umekosa. Sasa, kicheko nimekuruhusu. Kitumie."

Sikudhani angeweza kuondoka hapo. Filamu ilikuwa imepona karibu yote. Lakini alikuwa ameahidi kusema yote.

"Kuna kingine, mama. Cha siku ya moto. Hatujakiweka popote."

Bi Riziki alifumba macho kusikiliza. Sikudhani aliona rangi ikimpanda shingoni, midomo ikifunguka kidogo. Ghafla akauvua mkufu kwa mikono miwili na kuugandamiza pajani, kama vile ungepiga kelele.

"Nani mwingine amevaa hii?"

"Mimi na mwenzangu tu."

"Na mmejua ni kwa ajili ya nani?"

"Mtu wa taa. Jina lake hatulijui."

Kutoka nyuma ya nyumba ilisikika nyundo. Bi Riziki alisikiliza kidogo, kisha akainama mpaka pua zao zikakaribiana. "Jina lake Zaharani," alinong'ona. "Ndiye huyo anapigilia banda la sungura."

"Mmeoana!" Sikudhani alitaka kupiga vigelegele.

"Nyamaza, wewe! Hajui."

"Hajui nini, mama, na ni mumeo?"

"Hajui kwamba mimi ndiye niliyeanza." Bi Riziki alitazama mlangoni. "Baada ya kurekodi alinifuata huku mlimani mwaka mzima. Akamwezekea mama yangu paa. Akaleta mkaa, akaleta mashairi, mabaya hayo, Mungu wangu. Na mimi nimekunja uso kama mtu anayebembelezwa kidogo kidogo. Mpaka leo nikitaka jambo namkumbusha, wewe si ndiye uliyenisumbua? Haya ndiyo mamlaka yangu yote katika nyumba hii."

Walicheka kwa kubana sauti. Kisha Bi Riziki akatulia na kuuangalia ule mkufu.

"Ukiitoa kwa watu," alisema, "watu wa Pemba watajua, watu wa sokoni hapo chini watajua, na yeye atakuja kuambiwa nao jinsi mke wake alivyompenda. Hapo utakuwa umetuibia, mwanangu. Sisi wawili."

"Naifuta sasa hivi," alisema Sikudhani. Aliliona hilo wazi kabisa, na bado moyo ulimuuma, kwa kuwa hajapata kukutana na mwisho mzuri kama ule.

"Usifute bado." Bi Riziki alinyanyuka, akajifunga khanga vizuri kiunoni kama anayekwenda kubeba mzigo. "Mzee Zaharani! Hebu acha hiyo nyundo uje."

Aliingia mwanamume mfupi, mpana, misumari mdomoni. Alimsalimia mgeni kwa kutikisa kichwa. Mkewe akamtoa misumari mmoja mmoja, akamkalisha kwenye kiti cha kamba na kumvalisha mkufu kwa mkono wake.

Sikudhani aliwasha ile picha, akatoka nje. Alisimama kwenye kitalu, akaitazama miche ya mapeasi kama mtu anayetaka kuinunua yote. Hakugeuka. Alihesabu miche ya safu ya kwanza, kisha ya pili. Kisha sauti ya kiume ikatoka, nzito, ya mtu anayepanda ngazi gizani.

"Siku ya moto? Ile siku ya moto?"

"Ile ile."

"Mimi nimeshika taa, najua umenichukia kwa kukumulika machoni!"

"Hujui kusoma macho, nifanyeje?"

"Riziki! Na mwaka mzima ule? Na siku kibanda cha waya kilipoharibika nikapanda mlima huu kwa miguu, gunia la mkaa mgongoni?"

"Mkaa ulikuwa mzuri."

Kulikuwa na mshindo, pengine wa kiti kuanguka, na kicheko cha wawili. Sikudhani naye alikuwa anacheka peke yake kati ya miche, machozi yanamtoka, na safari hii hakuwa amevaa mkufu wowote.

*

Nakala ya hisia ya moto aliifuta mbele yao. Jioni, kutoka Tanga, Hidaya alikifunga Kimenyeo kisiweze kugusa kipindi cha mwisho, na akaapa kutompa mtu mwingine programu ile mpaka aifundishe kudai kwanza ruhusa ya mwigizaji. Alinung'unika kidogo. Kisha akauliza mzee wa taa alikuwa na sura gani.

Lakini filamu sasa haikuwa na mwisho, na ni Bi Riziki aliyelisema hilo, wakiwa wanakunywa chai ya tangawizi.

"Huo mkoba wako una mkufu wa kurekodia?"

"Upo."

"Basi naucheza upya. Kama kitabu kilivyosema, si kama yule bwana alivyotaka."

"Mama, imepita miaka kumi," alisema Sikudhani kwa adabu. "Watu wataona."

"Wataona nini?" Mzee Zaharani aliuliza. "Kwani nani anajua marehemu anazeeka vipi?"

Walirekodi asubuhi iliyofuata, katika ujia wa nyumba, ukungu umejaa mlangoni kama umealikwa. Baibui waliazima kwa jirani. Mzee Zaharani alitoa taa yake ya zamani kwenye kabati, akaipangusa, akaenda kusimama mahali pake pa siku zote.

"Hapana, hapana," mkewe alimwambia. "Simama nyuma yangu nisikuone. Nikikuona tutarudi kule kule."

Akasimama nyuma. Bi Riziki akaukabili mlango uliofungwa, akainua mkono kugonga, na Sikudhani, aliyekuwa amevaa mkufu wa kupokea ili apime, akashika ukuta asianguke.

*

Filamu ilionyeshwa Tanga mchana wa Jumapili, katika ukumbi wa zamani uliofungwa mapazia mazito. Walikuja watu ambao hata kitabu hawakukijua, wakajaa mpaka wengine wakakaa chini. Hidaya alikuwa mbele na mitambo yake. Sikudhani alisimama pembeni anatafuna ncha ya mtandio. Bi Riziki na mumewe walichagua viti vya nyuma, hawajajitambulisha kwa yeyote, na Bi Riziki alikataa mkufu. Alitaka kuziona nyuso za watu. Upande wake wa pili alikaa mama mmoja mnene mwenye pakiti ya karanga, amevaa mkufu wake na kujifunga kibwebwe kabisa, tayari kwa vita.

Watu waliogopa. Waliogopa vizuri, kwa kugandana, kwa kuinua miguu kutoka sakafuni. Halafu waganga wakaanza kuruka na manyanga, na kicheko kile kikawapanda mbavuni bila kujua kinatoka wapi, ukumbi mzima ukavuma. Hakuna gego hata moja lililouma.

Ilipofika picha ya kioo, watu wakanyamaza kama maji. Bi Riziki alijitahidi. Aliziba mdomo kwa khanga. Lakini kicheko kile hakijawahi kumtii, kikamponyoka puani.

Yule mama mwenye karanga akamgeukia kwa hasira, gizani. "Wewe mama, una nini? Nyamaza bwana, wenzako tunaogopa hapa!"

"Samahani, dada," alijibu Bi Riziki. Mabega ya mzee Zaharani yalikuwa yanatikisika.

Kisha ukaja mwisho. Bi Chausiku anapita ujia wenye ukungu, mlango hadi mlango. Na hofu iliyowaingia watu safari hii haikuwa ya akiba. Ilikuwa ya mwanamke aliyeambiwa kwamba hajui kuogopa, akakaa mbali miaka kumi, na sasa amesimama tena mbele ya mlango na hana hakika kama atafunguliwa. Kila mmoja mle ukumbini aliwahi kusimama mbele ya mlango kama ule. Sikudhani aliona mikono ikienda vifuani, safu baada ya safu.

"Hodi," alisema Bi Chausiku ukutani. Kimya. "Hodi, majirani. Naomba chumvi kidogo tu."

Hapa Hidaya na Sikudhani walikuwa wamegombana wiki nzima. Katika kitabu mpangaji mmoja humjibu, lakini tamthilia haikuwa na sauti hiyo, nao hawakutaka kuibuni. Waliacha kimya. Hidaya alisema ni kirefu mno, watu watachoka.

Kimya kikakaa. Ukutani mkono wa Bi Chausiku ulibaki juu.

"Karibu," akasema mtu. Alikuwa yule mama mwenye karanga, mashavu yamelowa, anaongea na ukuta kama anaongea na ndugu yake. "Karibu ndani, dada yangu. Karibu jamani."

"Karibu!" ikatoka safu ya mbele. Na nyingine, na nyingine, wazee, wasichana, mpaka ukumbi mzima ukawa unamkaribisha marehemu.

Na pale nyuma, bila kufikiri, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri anavyojibu, Bi Riziki akasema, "Asante. Nimeshakaribia."

Ilikuwa sauti ile ile. Yule mama akaacha kutafuna. Akautazama ukuta. Akageuka polepole kabisa, akautazama uso uliokuwa kando ya bega lake, unaomulikwa na mwanga wa filamu, umetabasamu.

Alipiga ukelele hata Hidaya, kule mbele, akadhani paa linashuka. Karanga ziliruka hewani. Ukumbi wote ukapiga naye bila kujua kisa, kisha kisa kikapita mdomo kwa mdomo mpaka mbele, na ukelele ukageuka kicheko kilichokataa kwisha. Bi Riziki alikuwa amemshika yule mama mikono yote miwili asianguke kitini, naye akicheka kwa sauti yake yote, bila khanga mdomoni.